Mama Sabini, fundi wa meno anayefanya kazi kwa masikio

Saa moja na robo asubuhi, Jumamosi. Katika chumba cha nyuma cha kliniki ya meno, mwanamke wa miaka hamsini na nne ameinua kitu kidogo cha rangi ya waridi kuelekea dirishani. Ni meno sita ya mbele, ya juu, yaliyoshikwa kwenye plastiki inayofanana na ufizi. Anachukua njiti ya kiberiti, anaipitisha kati ya meno mawili ya katikati. Inapita. Anaigeuza na kujaribu upande wa kichwa. Inakwama.

"Hapo sawa," anasema, bila kumwambia mtu yeyote.

Anarudisha njiti kwenye kiberiti, anafuta meno kwa kitambaa laini na kuyatumbukiza kwenye bakuli la maji. Miwani imemshuka hadi ncha ya pua. Meza yake imejaa vumbi jeupe la plasta, na kwenye rafu vimepangwa vinywa vya watu ishirini na kitu, vyote vya plasta, vyote vimeachama.

Upande wa pili wa ukuta wa mbao nyembamba, Daktari anahesabu meno ya mtoto kwa sauti. Jumamosi hapa ni siku ya watoto. Wanaohitaji meno ya bandia huja siku za kazi, lakini leo kuna mmoja aliyeruhusiwa kuingia katikati ya watoto, kwa sababu hawezi kungoja.

Huyo ni mwalimu wa chekechea. Shule zinafunguliwa keshokutwa. Akiweza kutamka herufi na tarakimu sawasawa, anarudi darasani kwake. Asipoweza, darasa anapewa mwingine na yeye anapelekwa stoo kugawa madaftari. Mwalimu mkuu ndiye aliyesema hivyo, na alisema mbele ya walimu wenzake.

"Miaka ishirini na sita ameshika chaki," anasema fundi wa meno. "Leo aende kuhesabu madaftari? Na safari hii kosa ni langu. Kwa hiyo usiniulize kama nimelala vizuri."

Hapa kila mtu humwita Mama Sabini, kuanzia Daktari hadi mlinzi wa getini. Jina hilo limetokana na kazi yake. Hakuna anayetoka kwenye chumba cha nyuma na meno mapya kabla ya kusema, mara tatu, kwa sauti ya kawaida: sitini na sita, sabini na saba. Wapita njia walio karibu na dirisha wamezoea kusikia watu wazima wakizitaja namba hizo kama wanafunzi waliowekwa kizuizini.

Mwandishi wa makala haya naye aliombwa aseme. Alisema. Mama Sabini aliinamisha kichwa kidogo kisha akauliza, "Mbona unaongea kwa upande mmoja? Hilo gego la kushoto lipeleke kwa Daktari." Gego lipo, na kwa kweli limekuwa likikwepwa tangu mwaka juzi.

Aliingia kwenye kliniki hii kama mfagiaji. Fundi wa wakati huo, mzee mkimya aliyekuwa na plasta mpaka kwenye nyusi, alimruhusu kuosha vyombo vyake, kisha kukoroga plasta, kisha kuchonga nta. Mzee alipostaafu, kigoda kikabaki chake. Mwaka huu anatimiza miaka ishirini na miwili mezani hapo.

"Mzee alinifundisha kila kitu isipokuwa kusikiliza," anasema. "Yeye alikuwa anaangalia tu. Meno yakipendeza, basi, nenda nyumbani."

Seti ya kwanza aliyoitengeneza peke yake ilikuwa ya muuza vitambaa. Ilipendeza. Wiki ya pili yule bwana alirudi, akaiweka mezani na kumwambia kwamba kitambaa chake cha bei ya chini ni sabini, na kila akitaja bei wateja wanacheka halafu wanaondoka. Fundi akamwomba aitaje. Akaisikia. Tangu siku hiyo hakuna aliyesamehewa sabini na saba.

Analipwa kwa seti. Mwezi mzuri hutengeneza tisa, mwezi mbaya nne. Kwa fedha hizo amesomesha mabinti wawili, na sasa anamlea mjukuu wa miaka mitano, mtoto wa binti yake mkubwa ambaye anafanya kazi mbali. Mjukuu huyo huitwa Bi Mkubwa, kwa sababu ndiye anayeamua nani akae wapi mezani na taa izimwe saa ngapi.

Kisa cha mwalimu kilianza na watoto.

Jumamosi moja, mwezi mmoja na nusu uliopita, mzazi alimleta mwanawe akaguliwe. Alisema ulimi wa mtoto umeshikwa chini, hautamki vizuri. Daktari, mwanamke kijana mwenye subira ya ajabu, akamwinua mtoto ulimi, akaukagua juu na chini. Ulimi ulikuwa mzima. Meno ya utoto yote ishirini yalikuwepo. Akamwambia ahesabu mpaka kumi.

Mtoto akaweka kiganja mbele ya mdomo, akahesabu. "Moja, mbili, tatu, nne, tano, thita, thaba, nane, titha, kumi."

Aliyefuata naye alikuwa hivyo hivyo. Wa tatu pia, na kiganja mdomoni. Daktari akadhani ni aibu ya kiti, akaanza kuandika barua ya kuwapeleka kwa mtaalamu wa matamshi.

"Mimi nipo huku nyuma na nta yangu," anasimulia Mama Sabini. "Nikajiambia, hao si watoto. Hiyo ni sauti ya mtu mzima asiye na meno ya juu ya mbele. Nimeisikia miaka ishirini na miwili, siwezi kuikosea. Hata ule mkono mdomoni ni wa mtu mzima. Mtoto ameupata wapi?"

Alitoka na nta vidoleni, akawauliza wazazi watoto wanasoma wapi. Shule moja, darasa moja.

Na darasa hilo ndilo la Bi Mkubwa. Nyumbani mjukuu alikuwa akiomba "thukari" tangu muhula uanze, na bibi alicheka akidhani ni deko la kitoto. "Aibu niliyoipata," anasema. "Masikio yangu yote nilikuwa nayaacha kazini. Nyumbani narudi kiziwi."

Jumatatu alikwenda mwenyewe kumchukua mjukuu shuleni. Alimkuta mwalimu mlangoni, mwanamke mrefu wa miaka hamsini na mbili, nadhifu, ameshika leso mbele ya mdomo kana kwamba ana mafua. Aliugua fizi miaka mingi kimyakimya, na mwanzoni mwa muhula aling'olewa meno sita siku moja katika kliniki nyingine. Aliapa kwamba hatakalia tena kiti cha daktari wa meno. Akaendelea kufundisha, mkono mdomoni, na watoto thelathini na mmoja wakaiga kila walichokiona na kukisikia, kama watoto wanavyotakiwa kufanya.

"Naogopa kile kiti, dada," mwalimu alimwambia.

"Kiti ni cha Daktari," Mama Sabini alimjibu. "Mimi nina kigoda tu, na kimevunjika mguu mmoja. Cha kuogopa hapo ni kuanguka."

Mwalimu alicheka nyuma ya leso, akakubali kuja. Wiki hiyo hiyo, mwalimu mkuu akapata malalamiko ya wazazi na kutoa lile agizo la stoo.

Kutengeneza seti kama hii si kazi ya siku moja. Daktari anapima kinywa, fundi anamimina plasta, anapanga meno kwenye nta, mteja anajaribu hiyo nta mdomoni. Nta bado inasamehe: jino linaweza kusogezwa, kushushwa, kupindishwa kidogo. Mteja akiridhika, nta inabadilishwa kuwa plastiki na kuchemshwa. Baada ya hapo hakuna kusogeza kitu.

Mama Sabini ana kanuni yake: mtu apewe meno aliyokuwa nayo, siyo anayoyatamani. Aliyekuwa na jino lililopinda, lipindishwe kidogo. Lakini mwalimu alikuja na ombi. Tangu azaliwe alikuwa na mwanya mbele, na alitaka uzibwe.

"Watu wanasema mwanya ni uzuri," mwalimu anasema leo akikumbuka. "Wanaosema hawajawahi kuitwa Dirisha miaka saba ya shule. Nikasema sasa ndiyo nafasi yangu. Nipate meno yaliyonyooka, kama ya watu wa kwenye matangazo."

Fundi akasita, kisha akakubali. Alimwonea huruma. Akapanga meno sita yakiwa yamebanana, meupe, yamenyooka. Mwalimu alipoyavaa kwenye nta na kupewa kioo, alilia. Mama Sabini naye akalia. Daktari akaja kuona kuna nini, akajikuta anatafuta karatasi za kufutia machozi. Kila mtu chumbani alikuwa anaangalia, na hakuna aliyekuwa anasikiliza.

"Hiyo ndiyo siku pekee katika miaka ishirini na miwili ambayo sikumwambia mtu aseme sabini na saba," anasema Mama Sabini, na hapa anavua miwani. "Nilisahau. Mimi, ambaye hata jina langu ni hilo."

Seti ilichemshwa, ikang'arishwa, ikavaliwa. Mwalimu akafungua mdomo kusema asante.

"Ashante," alisema.

Akaambiwa ahesabu. Shitini na shita. Shabini na shaba. Ulimi wake ulikuwa umezoea mwanya kwa zaidi ya miaka arobaini, ukiegemea hapo kila ulipotaka kutoa *s*. Sasa ulikuta ukuta. Mwalimu alirudia mara kumi, kwa utaratibu, kama anavyofundisha. Kisha akayavua meno na kuyaweka kwenye bakuli.

Zilikuwa zimebaki siku tisa shule kufunguliwa.

Mama Sabini alisema ataanza upya, kwa gharama yake. Shida ikawa moja: mwanya ulikuwa wa upana gani? Ukiwa mwembamba mno, *sh* inabaki. Ukiwa mpana mno, inakuja filimbi. Meno yenyewe yalishatupwa. Aliomba picha. Mwalimu alileta picha kumi na nne, za harusi, za shule, za kitambulisho, na katika zote amefunga mdomo. Mtu aliyeitwa Dirisha hacheki mbele ya kamera.

Ndipo mwalimu alipompigia simu dada yake mkubwa, na simu ikawekwa kwenye spika juu ya meza ya plasta.

"Ule mwanya?" sauti ya dada ikauliza. "Njiti ya kiberiti ilikuwa inapita. Kichwa cha njiti hakipiti, kinakwama. Tulimjaribu tukiwa wadogo, akapiga kelele mpaka mama akatoka na ufagio. Mimi nilichapwa, yeye akapewa sukari. Mwambie mpaka leo namdai samahani."

"Wewe ndiye unayenidai samahani mimi?" mwalimu akauliza.

"Si nilichapwa mimi?"

Mama Sabini hakungoja mashtaka yaishe. Alikuwa ameshatoa kiberiti mfukoni, kile kile anachowashia taa ya kuyeyushia nta.

Sasa ni saa mbili na dakika kumi. Mwalimu ameingia, amevaa blauzi ya shule ingawa ni Jumamosi, na ameketi kwenye kigoda kibovu akijishikilia kwenye meza. Bi Mkubwa, aliyekuja kukaguliwa, amesimama mlangoni. Meno yake ishirini hayana tatizo, na ameshamwambia kila mtu kwenye benchi kule mbele.

Mama Sabini anatoa meno kwenye maji. Anayaingiza kwa vidole gumba viwili, anabonyeza, anamwambia aume taratibu. Hampi kioo. Kioo amekificha kwenye droo.

"Leo kioo baadaye," anasema. "Sema."

Mwalimu anavuta pumzi. "Sitini na sita."

Daktari amesimama nyuma ya mtoto, glavu moja mkononi.

"Sabini na saba."

Kuna filimbi ndogo mwishoni, nyembamba sana. Mama Sabini ameisikia. Anayatoa meno, anayageuza, anakwangua kwa ndani mahali padogo ambapo mwandishi haoni tofauti yoyote, anayaosha, anayarudisha.

"Tena."

"Sabini na saba."

Fundi amefumba macho. "Tena."

"Sabini na saba."

Anafumbua macho, anafungua droo na kutoa kioo. Mwalimu anajitazama kwa muda mrefu. Mwanya umerudi pale pale ulipokuwa. Anaugusa kwa ncha ya ulimi.

"Dirisha," anasema, na *sh* inatoka mahali pake, na anacheka bila leso.

Lakini Bi Mkubwa hajaridhika. Anamtazama mwalimu wake, kisha anaweka kiganja mdomoni na kumsahihisha. "Thabini na thaba," anasema kwa ukali kidogo.

Bibi yake anataka kumkemea. Mwalimu anamzuia kwa mkono. "Mwache. Hivyo ndivyo nilivyomfundisha."

Jumatatu, saa mbili asubuhi, darasa la chekechea lina watoto thelathini na mmoja, viti vidogo vya rangi nne na ubao mmoja. Mama Sabini hayupo. Ana kinywa cha mtu mwingine mezani. Mwalimu mkuu, mwanamke wa maneno machache, amesimama mlangoni, mikono imekunjwa kifuani.

Mwalimu anaandika namba ubaoni. Wanaanza pamoja. Moja mpaka tano zinakwenda vizuri. Kwenye sita, mwalimu anasema "sita" safi kabisa, na bila kujua mkono wake umeshapanda mpaka mdomoni. Viganja thelathini na kimoja vinapanda naye.

"Thita," darasa linajibu.

Mwalimu mkuu hajasogea.

Mwalimu anautazama mkono wake. Anaushusha, anaupeleka nyuma ya mgongo na kuushika kwa mkono wa pili, kwa nguvu, kama anayemzuia mtu asikimbie. Kisha anawafungulia watoto tabasamu, meno yote sita na mwanya katikati, tabasamu ambalo halipo kwenye hata moja kati ya zile picha kumi na nne.

"Tuangalie mdomo wa mwalimu," anasema. "Sita."

Mmoja mmoja, watoto wanapeleka mikono nyuma ya migongo. Wengine wanadhani ni mchezo. Wanaanza upya.

"Sita," wanasema walio mbele. Nyuma bado kuna thita kadhaa. Mwalimu anarudi kwenye sita. Anarudi tena. Mara ya nne, mwandishi aliyekuwa dirishani hakusikia thita hata moja.

Mwalimu mkuu anafungua mikono. "Stoo nitatafuta mtu mwingine," anamwambia mwandishi akipita, na kwenda zake ofisini.

Habari zilimfikia Mama Sabini mchana, akiwa anachonga nta. Hakuacha kuchonga.

"Na saba?" aliuliza.

Saba pia, aliambiwa.

"Na tisa?"

Tisa bado, kwa baadhi.

"Tisa itakuja," alisema. Alichonga kidogo, kisha akaweka kisu chini, akavua miwani na kujifuta macho kwa mgongo wa mkono, na plasta ikampaka shavuni.

Ana mambo mawili anayoyapanga. La kwanza ameshamweleza Daktari: kwenye fomu ya mteja, chini ya umri na anwani, paongezwe mstari mmoja unaouliza mtu anafanya kazi gani, na mdomo wake unatumika vipi katika kazi hiyo. "Ningeuliza mapema, nisingemziba mtu mwanya," anasema. Daktari amekubali, na fomu mpya zinachapishwa wiki ijayo.

La pili ni la kwake mwenyewe. Mwisho wa mwaka, chekechea huwaalika wazazi kuja kusikiliza watoto wakihesabu mpaka mia moja. Miaka yote ambayo mabinti zake walisoma hakuwahi kwenda, kwa sababu siku hiyo huangukia siku ya kazi. Safari hii ameomba ruhusa miezi minane kabla, kwa maandishi.

Kwa sasa darasa limefika ishirini, na Bi Mkubwa anafanya mazoezi kila jioni kwa kuhesabu vijiko, mikono nyuma ya mgongo, hata pale vijiko vinapokwisha na namba zikabaki.

"Nitakaa mbele kabisa," anasema Mama Sabini. "Huko kwingine kote wanaweza kukosea, mimi sina neno. Nitasubiri sabini na saba tu. Nikishaisikia, nitanyanyuka taratibu nirudi kazini."